Bwawa la uani likiganda: hita, pampu ya hewa, au samaki waingie ndani?

Ikifika Oktoba watu wetu wengi walionunua nyumba huku kwenye baridi ya kweli, Minnesota, Ohio, Toronto na kwingineko, wanajikuta na swali moja. Nyumba ilikuja na kabwawa uani, mwenyewe wa zamani kaondoka kaacha samaki humo, kiangazi chote mmekaa pembeni yake mnachoma nyama na watoto wanawatupia samaki chakula, sasa majani yanaanguka, asubuhi kuna umande mgumu kwenye nyasi, na hujui hawa samaki uwafanyeje. Ukienda dukani kuuliza utauziwa kila kilichopo shelfuni. Kwa hiyo nazilinganisha hapa njia zenyewe, bili yake, usumbufu wake na inamfaa nani, na hesabu naifanyia Minneapolis maana ndo baridi ninayoishi nayo. Na kama hujui ni baridi ya namna gani, tarehe 30 Januari 2019 hapa ilishuka mpaka digrii 33 chini ya sifuri, selsiasi hiyo, na upepo hujauhesabu.

Mama yangu nikimwonyesha kwenye simu anachoshangaa sio baridi. "Mwanangu, hao samaki mnawala lini?" Namwambia mama hawa si wa kula, ni wa kuangalia. "Wa kuangalia! Na umeme unawalipia?" Ndio mama, nawalipia, na ndo maana nimekaa nikapiga hesabu vizuri.

Jambo moja likikukaa kichwani mengine yanakuwa mepesi: goldifishi na koi, wale samaki wa mapambo wanaowekwa kwenye mabwawa haya, baridi yenyewe haiwaui, kinachowaua ni kukosa hewa. Maji yakipoa yanazidi kuwa mazito mpaka yafike digrii 4, yakipoa zaidi ya hapo yanaanza kuwa mepesi tena na kupanda juu, ndo maana barafu inaanzia juu na huko chini yanabaki maji ya digrii 4 hivi. Samaki anashuka anakaa hapo, mwili umepoa, moyo unapiga taratibu, hali, haogelei, anasubiri tu winta iishe. Miezi yote anaweza. Shida inakuja barafu ikishafunga bwawa zima, chini kuna majani na tope na mabaki ya chakula cha kiangazi, vinaoza polepole, vinakula oksijeni na kutoa gesi, ile kabonidayoksaidi na ile nyingine yenye harufu ya mayai viza, na gesi haina pa kutokea. Theluji ikija kulala juu ya barafu ndo inakata na mwanga kabisa, mwani na mimea iliyobaki haitengenezi tena oksijeni. Machi barafu inayeyuka unakuta samaki wanaelea, unasema baridi imewaua.

Maana yake unachokilipia ni tundu. Tundu moja kwenye barafu, hata la ukubwa wa sinia, gesi itoke hewa iingie. Hakuna mtu wa kawaida anayeweza kupasha bwawa joto Minnesota, na hata anayeweza hana sababu, samaki hawataki joto, wanataka kulala. Ukishaelewa hivo unaanza kuangalia maboksi ya dukani kwa jicho lingine.

Kabla ya kununua chochote pima kina

Chukua fimbo ndefu au mti wa fagio, izamishe pale penye kina kuliko kote, pima. Hiki kipimo ndo kinaamua kuliko hela uliyonayo. Kwa baridi ya huku watu wa mabwawa wanataka futi 3 kwenda juu, 4 ni salama zaidi, na sio bwawa zima, hata kona moja tu yenye kina hicho inatosha samaki wakajibanze hapo. Kuna watu wanadhani ni kutia chumvi lakini kanuni za ujenzi za jimbo zinataka msingi wa nyumba Minneapolis ushuke inchi 42 kwa sababu ardhi inaganda mpaka huko, na kaskazini ya jimbo ni inchi 60, sasa we fikiria bwawa la plastiki la inchi 18 lililochimbiwa kwenye ardhi hiyo, linagandishwa kutoka juu na kutoka ubavuni. Chini ya futi 2 usibishane, samaki waingie ndani, hiyo hita utainunua na bado utakuwa na wasiwasi kila usiku. Kati ya futi 2 na 3 ni bahati nasibu, inategemea una samaki wangapi na tope kiasi gani.

Na njia yoyote utakayochagua, majani yatolewe kwanza. Neti juu ya bwawa kuanzia majani yanapoanza kuanguka, yakiisha toa neti, chota yaliyozama, bwawa lenye tope jeusi la kidole kizima chota na hilo kiasi unachoweza. Kazi hii haina mbadala wa kununua, na ni ya bure. Pia chakula: maji yakishuka chini ya digrii 10 acha kuwalisha kabisa, tumbo lao halisagi tena, chakula kinaozea humo. Nunua kipimajoto cha kuelea, usiangalie hali ya hewa ya simu, maji na hewa ni vitu viwili. Na ikitokea siku ya jua Januari samaki wakaonekana wanajisogeza usiwaonee huruma, hawana njaa.

Hita

Hita ya bwawa sio kama ile ya kuogea. Ni kidude cha kuelea au kuzama, kina themostati, kinawaka maji yakikaribia kuganda na kinatunza duara la maji wazi pale kilipo, basi. Mtu akikuuzia kwa maneno ya "inapasha bwawa" mwulize bwawa lipi.

Uzuri wake ni kwamba ni rahisi, unachomeka unaondoka. Hata kwenye ule usiku wa kutisha hita kubwa inashika tundu, na maji yametulia, chini hakuvurugwi, ile digrii 4 ya samaki inabaki pale pale.

Ubaya ni bili. Huku hamna LUKU ya kukupigia kelele uniti zikiisha, unajua mwezi ukishakwisha. Tufanye uniti moja ni senti 15, hesabu iwe rahisi, we angalia ya kwenye bili yako. Hita ya wati 1250, ambazo ndo zimejaa kwenye maduka ya mifugo maana zimetengenezwa kwa mabirika ya kunyweshea ng'ombe, ikiwaka saa 24 inakula uniti 30 kwa siku, mwezi uniti 900, dola 135. Mwezi mmoja! Na winta ya huku barafu inaweza kukaa miezi 4, ukizidisha ni dola 540 za kushikilia tundu. Ni kweli themostati inaizima siku za afadhali, kwa hiyo hutafika huko kabisa, lakini Januari na Februari ikibana hizo siku za afadhali unazihesabu kwa vidole. Ya wati 300 inakula uniti 216 kwa mwezi, dola 32 na kitu. Zipo ndogo za wati 100, hizi mwezi ni kama dola 11, zinashika tundu dogo, na kwa bwawa dogo lenye kina na samaki wachache zinatosha usiku mwingi, ila ikishuka chini ya digrii 25 hasi nisingelala usingizi nikiitegemea yenyewe peke yake.

Halafu hita ikifa hujui. Imekaa kimya ikiwa nzima, imekaa kimya ikiwa imekufa, utajua tundu likishafungwa, na kama theluji imelala juu hata hilo tundu hulioni vizuri. Nunua yenye taa ndogo ya kuonyesha inafanya kazi, au weka mazoea ya kuchungulia kila asubuhi ukipasha gari moto.

Pampu ya hewa

Hii ni boksi dogo linakaa nje ya maji, linasukuma hewa kwenye mrija, mwisho wa mrija kuna jiwe lenye vitundu, mapovu yanapanda. Yale mapovu yanafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, yanainua maji ya chini yasiyo baridi sana yaje yazuie barafu isifunge pale juu, na yanaingiza oksijeni na kutoa gesi. Hita inafungua mlango tu, pampu inafungua mlango na inapepea kabisa. Kwa bwawa lenye samaki wengi tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika.

Bili yake ndo raha. Pampu ya wati 35 ikifanya kazi usiku na mchana ni uniti 25 kwa mwezi, hata dola 4 haifiki. Miezi minne dola 15. Linganisha na ile 540 hapo juu, hata kama ile 540 ukiikata nusu.

Sasa kwa nini watu bado wananunua hita? Kwa sababu pampu ina mambo yake. La kwanza jiwe la hewa lisikae chini kabisa kwenye winta. Kiangazi ndio, weka chini, lakini winta ukiliweka chini linavuruga maji yote, ile digrii 4 iliyokuwa imekaa kwa samaki inapandishwa juu ikapoe na maji ya karibu na sifuri yanashushwa kwa samaki, bwawa zima linapoa kuliko lingekuwa limeachwa. Lipandishe mpaka nusu ya kina au liweke kwenye ngazi ya pembeni, upande mwingine wa bwawa ubaki umetulia samaki walale huko. La pili, mrija unaingiza unyevu, unyevu unaganda ndani ya mrija, mapovu yanakata. Uelekeze uwe unateremka moja kwa moja kwenda kwenye maji bila kujikunja popote maji yakatuama. La tatu, boksi likae juu ya usawa wa maji au uweke vali ya kuzuia maji yasirudi, umeme ukikatika maji yanaweza kupanda mrija na kuingia kwenye pampu. Na baridi ikiwa kali kabisa mapovu yanarusha matone, matone yanaganda, barafu inajijenga kama kofia juu ya tundu. Mara nyingi kofia inabaki na upenyo, lakini mara nyingi sio mara zote.

Kelele pia, pampu inanguruma kidogo, kama imekaa chini ya dirisha la chumba cha kulala mtaongea na mwenza wako. Ifunike isinyeshewe theluji lakini ipumue, usiifungie kwenye sanduku lisilo na tundu.

Ukizishindanisha zenyewe kwa zenyewe

Bili pampu inashinda, haina mjadala. Oksijeni pampu. Usiku wa digrii 30 hasi hita inashinda. Usumbufu hita tena, maana pampu inahitaji ufikirie mrija na jiwe. Kujua kama inafanya kazi, pampu, unaona mapovu kupitia dirishani na kunguruma unakusikia. Umeme ukikatika zote zimekufa sawa, hapo ndo utajua kama Oktoba ulitoa majani, maana bwawa safi lenye samaki wachache likifungwa siku mbili tatu halina neno, na bwawa la tope limejaa koi ndo la kukimbiziwa. Wavuvi wa huku wana vipampu vidogo vya betri vya kuweka chambo kikiwa hai, vinauzwa bei ya chini kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi, weka kimoja kwenye droo.

Mimi ningekuwa na hela ya kitu kimoja ningenunua pampu. Nikiwa na hela ya viwili, pampu pamoja na hita ndogo ya wati 100 au 300 niiweke karibu na mapovu, halafu hita niiwashe zile wiki mbaya tu, maji yanayozungushwa na pampu yanaisaidia hita ndogo kufanya kazi ya kubwa. Hii ndo naona inawafaa watu wengi wenye bwawa la futi 3 na zaidi, na ndo ambayo dukani hawakwambii maana boksi kubwa lina faida kubwa. Hita ya wati 1250 ningeiweka kwa mtu mmoja tu, anayesafiri Desemba kwenda nyumbani mwezi mzima na hana jirani wa kumchungulia bwawa. Yeye alipe hiyo 135, ni nafuu kuliko mawazo.

Umeme wa nje, popote ulipo, uwe ile soketi inayojikata maji yakigusa, na waya ufike kwenye soketi wenyewe bila ekstensheni ya ndani ya nyumba iliyolazwa kwenye theluji. Hapa sitanii.

Kuwaingiza ndani

Njia hii inaonekana ya upendo zaidi na ndo ina kazi zaidi. Unanunua tangi la plastiki la kunyweshea mifugo, galoni 100 ni kama lita 380, yapo mpaka ya galoni 300, unaliweka gereji au besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, samaki wanahamia huko kuanzia Oktoba mwishoni mpaka Aprili au Mei.

Swali linalosahaulika ni ndani wapi. Besimenti yenye joto la digrii 16 au 18 samaki hawalali. Wanakula, wanakunya, wanakua, na kwenye lita 380 badala ya lita elfu kadhaa uchafu unapanda haraka, amonia inawaua wakiwa kwenye joto zuri kabisa. Kwa hiyo unahitaji filta, na filta mpya haina bakteria wa kusafisha amonia, inachukua wiki 4 mpaka 6 wazaliane wa kutosha, labda uchukue sponji za filta ya bwawani uzihamishie humo zikiwa bado mbichi. Na maji ya kubadilisha kila wiki, na dawa ya kuondoa klorini, na neti juu ya tangi maana koi anaruka, utamkuta kwenye sakafu asubuhi. Na gereji isiyo na hita lakini imeshikana na nyumba, kama inakaa digrii 4 mpaka 8 hivi, hapo samaki wanalala vizuri tu, hawali, uchafu ni kidogo, pampu ya hewa ndogo na filta ndogo zinatosha. Nikiambiwa nichague kati ya hizo mbili nachukua gereji ya baridi bila kufikiri, ilimradi gari liingie bado, hapo muulizane nyumbani.

Kuhamisha kwenyewe fanya maji ya tangi yawe yale yale ya bwawani au yawe na joto lile lile, tofauti ya ghafla ndo inawagonga. Usisubiri mpaka bwawa limeshika barafu.

Bili ya ndani ni ndogo, ya kwanza ni tangi na filta, baada ya hapo ni muda wako. Kwa mtu anayefanya zamu mbili hospitalini au kwenye nyumba za wazee, na wengi wetu ndo kazi zetu, hiyo ya kubadilisha maji kila wiki ningeifikiria mara mbili.

Goldifishi sio koi

Watu wanawaweka kapu moja lakini kwenye winta hawafanani. Goldifishi ana uwezo ambao ukimwambia mtu atadhani umelewa wewe: oksijeni ikiisha kabisa, misuli yake inageuza sumu ambayo ingemuua kuwa pombe, ethanoli kweli, na anaitolea kwenye matamvua. Watafiti wa Oslo na Liverpool walieleza mwaka 2017 vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo, na binamu yake wa Ulaya anayeitwa crucian alionekana kuwa na pombe kwenye damu zaidi ya miligramu 50 kwa mililita 100, kipimo ambacho polisi wa Norway wangemnyang'anya leseni. Samaki anajipikia gongo mwenyewe chini ya barafu na anaishi. Koi hana ufundi huo. Koi ni mkubwa, anahitaji oksijeni zaidi, na ni ghali, mmoja tu wa maana anaweza kuzidi bei ya pampu na hita kwa pamoja.

Kwa hiyo mwenye goldifishi watano kwenye futi 3 akiweka pampu ya dola 60 analala. Mwenye koi wanane wa urefu wa mkono asibane hela, aweke vyote viwili, au awahamishe.

Maporomoko: kuyaacha au kuyazima

Kama bwawa lako lina maporomoko ya maji utashawishika kuyaacha yatiririke winta nzima, na nikuambie ukweli ni kitu kizuri mno, barafu inajijenga kama mapazia, inameremeta, jioni ukiwasha taa ndogo chini yake majirani wanasimamisha gari. Ila kazi yake ni kubwa kuliko zote nilizotaja. Barafu inaziba njia, maji yanatafuta njia nyingine, yanamwagika nje ya bwawa usiku pampu ikiendelea kusukuma, asubuhi bwawa limebaki nusu. Na maji yanavyoganda kwenye mawe yanapungua bwawani lazima uongeze, wakati bomba la nje la nyumba umeshalifunga tangu Novemba, kwa hiyo unabeba ndoo kutoka jikoni kama tuko kijijini. Maji yakipita hewani kwenye baridi ile yanapoza bwawa lote. Na ukianza huwezi kuacha katikati, ukizima Januari mabomba yanaganda yanapasuka.

Usiku ukiwa kawaida ni digrii 2 au 5 hasi, sehemu kama Kentucky au kusini mwa Uingereza, acha yatiririke na ufurahie. Huku kwetu zima mwezi Novemba, toa maji yote kwenye mabomba, pampu ya maporomoko itoe iweke ndani ya ndoo ya maji mahali pasipoganda ili mipira yake isikauke, taa ya UV, ile ya kusafisha maji, itoe pia, maana kioo chake cha ndani kinapasuka.

Tena kufurahia bwawa kwenye winta hakuhitaji maporomoko. Wiki ya kwanza ya barafu, kabla theluji haijalala, barafu inakuwa safi unaona mpaka chini, watoto wanalala kifudifudi pembeni wanahesabu samaki waliojibanza. Na lile tundu linakuwa kisima cha mtaa, ndege wote wanakuja kunywa maana maji mengine yote yameganda, kadinali mwekundu kwenye theluji nyeupe, bluejay na fujo zake. Unaangalia kutoka dirisha la jikoni na kikombe cha chai ya tangawizi. Watoto wasikanyage barafu hiyo lakini, karibu na mapovu inakuwa nyembamba hata kama ya pembeni ni nene, weka uzio mfupi kabla theluji haijaficha mwisho wa bwawa uko wapi.

Za pembeni pembeni

Wako watu wanajenga kibanda cha mabomba ya plastiki na nailoni ngumu juu ya bwawa kama vile greenhouse. Inasaidia, inazuia upepo na theluji, pampu ndogo ikiwa ndani inafanya kazi kubwa. Lakini acha upenyo, na bwawa lenyewe hulioni tena mpaka Aprili, kwangu hiyo inaondoa nusu ya sababu ya kuwa nalo.

Mpira wa tenisi unaoelea, boya la povu, sufuria ya maji ya moto juu ya barafu: kwa walioko London au Birmingham zinatosha kabisa, barafu yao ni nyembamba na inaondoka baada ya siku chache, bwawa la sentimita 60 linapita. Huku mpira utaukuta umegandia ndani ya barafu. Sufuria ya moto inafaa kufungua tundu lililofungwa, iweke juu ya barafu itulie iyeyushe, usimwage maji ya moto moja kwa moja, na kamwe usipige barafu kwa nyundo au shoka, ule mshtuko unapita kwenye maji unawafikia samaki wamelala. Chumvi ya barabarani usiithubutu.

Mimea ni mjadala mfupi. Yungiyungi wa baridi kata majani, shusha ndoo yake mpaka chini, atachipua mwenyewe. Yungiyungi wa tropiki na mafunjo waingie ndani au wafe. Magugu maji, ndio, yale yale yaliyoziba Ziwa Victoria miaka ya 90, huku madukani yanauzwa kwa hela na watu wananunua. Baridi ya kwanza yanakufa yote, na hapo yatoe siku hiyo hiyo kabla hayajazama kuoza. Jimbo lingine wameyakataza, angalia kwanza.

Na ukiona samaki ni wengi kuliko njia yoyote hapo juu inavyoweza kubeba, wapunguze Septemba, duka la mabwawa linaweza kuwachukua au jirani mwenye bwawa kubwa. Usiende kuwamwaga ziwani. Burnsville, hapa hapa kusini mwa Minneapolis, Julai 2021 walitoa picha za goldifishi waliotolewa Keller Lake, wamekuwa wakubwa kama ule mpira wa futiboli ya Kimarekani na wanafukua chini ya ziwa mpaka maji yanachafuka, na ni kosa kisheria pia. Faini yake usije ukamweleza mama kwenye simu.